Mababa wa Jangwani darasani mwa wanovisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha wanovisi, yaani vijana walio katika mwaka wa majaribio kabla ya nadhiri, maandishi ya wamonaki wa kwanza, watawa wa kale tunaowaita Mababa wa Jangwani, katika monasteri ya Kibenedikto kusini mwa Tanzania. Kila mwaka naletewa maswali yaleyale: na walezi waliokabidhiwa novisiati juzi tu, na masista wa mashirika mengine, na wanovisi wenyewe wakishazoea kuuliza, hata na mzazi mmoja mmoja aliyekuja kumtazama kijana wake. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Mengi ni mepesi na nitayapita haraka. Machache yamenikaa moyoni miaka mingi, na hayo nitayasemea kwa urefu.

Maandishi ya wamonaki wa kwanza ni yapi hasa?

Ni vitabu vilivyoandikwa kuanzia karne ya 4, hasa Misri, Kapadokia na kusini mwa nchi tunayoiita leo Ufaransa. Kinachojulikana zaidi ni Maisha ya Antoni, kilichoandikwa na Atanasi wa Aleksandria muda mfupi baada ya Antoni kufariki mwaka 356, akiwa mzee wa miaka 105. Kuna Kanuni ya Pakomi, aliyewahi kuwa askari, kisha akaanzisha maisha ya jumuiya huko Tabenisi kando ya mto Nile. Jeromu aliitafsiri kwa Kilatini mwaka 404. Kuna Kanuni za Basili Mkuu, na maandishi mafupi ya Evagri wa Ponto aliyefariki mwaka 399. Kuna Semi za Mababa, yaani maneno ya wazee wa jangwani yaliyopokelewa kwa mdomo na kukusanywa baadaye. Na kuna Yohane Kasiano, aliyezunguka kwa wazee wa Misri pamoja na rafiki yake Germano, akaishia Marseille, na huko akaandika vitabu 12 vya Taratibu za wamonaki na Mazungumzo 24 na wazee aliowasikiliza.

Sisi ni Wabenedikto. Kanuni ya Benedikto haitoshi?

Benedikto mwenyewe ndiye anayetutuma huko. Katika sura ya 42 anaagiza ndugu wakae pamoja jioni, mmoja awasomee Mazungumzo ya Kasiano au Maisha ya Mababa. Katika sura ya 73, ya mwisho, anasema kanuni yake ni ndogo, ya watu wanaoanza, na anayetaka kusonga mbele aende kwa Kasiano, kwa Mababa na kwa Basili, anayemwita "baba yetu mtakatifu". Mtu akisema anamtii Benedikto lakini hajawahi kufungua vitabu hivyo, kuna sura mbili hajazitii.

Nawaambia pia wanovisi kwamba hatuendi ugenini. Antoni alikuwa mtoto wa wakulima wa Misri, na lugha yake ilikuwa Kikopti. Umonaki wa Kikristo ulikomaa barani Afrika kabla haujavuka bahari kwenda kwa Benedikto, na miaka 1,300 na zaidi baadaye ukaturudia na Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia, wamisionari kutoka Ujerumani. Jina la Kasiano lenyewe wanovisi wetu hulijua kabla ya kumjua mwenye kitabu: askofu Cassian Spiss, aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa pamoja na wenzake wanne mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji. Ninapomtaja Kasiano siku ya kwanza, daima kuna anayeuliza kama ni yule askofu. Hapo nina pa kuanzia.

Nianze na kitabu gani?

Usianze na Maisha ya Antoni. Najua wengi huanza hapo kwa sababu ni cha zamani na ni hadithi tamu. Lakini kijana aliyetoka nyumbani mwezi uliopita akisoma makaburi, mapepo na miaka 20 ndani ya ngome iliyofungwa, ataondoka na moja kati ya mawili: ataogopa, au atataka kuwa yeye.

Mimi huanza na Semi za Mababa, kwa sababu ziko kama wanovisi wenyewe walivyo siku ya kwanza. Kijana anakwenda kwa mzee, anasema, "Abba (yaani Baba), nipe neno." Mzee anampa moja. Basi. Mnovisi naye amekuja hivyo. Baada ya miezi miwili hivi tunaingia kitabu cha 4 cha Taratibu, jinsi mgeni alivyopokelewa monasterini: siku kumi nje ya mlango, kisha mwaka mzima chini ya mzee anayewahudumia wageni. Tunakisoma sambamba na sura ya 58 ya Kanuni, nao wanaona wenyewe Benedikto alichukua nini na alipunguza nini. Kisha vitabu vya Taratibu juu ya vilema vinane, yaani tabia mbaya nane zinazomvuta mtu dhambini. Mazungumzo ya 1, 2, 9 na 10 huja mwishoni mwa mwaka. Antoni anasomwa Januari, karibu na sikukuu yake ya tarehe 17, na kwa kuwa wamekwisha kusikia wazee wengine wakizungumza, hawashtuki.

Mazungumzo ya 13, yanayohusu neema na utashi wa mtu, nawaachia wenye nadhiri. Prosperi wa Akwitania aliyapinga Kasiano angali hai, na ubishi wake unahitaji mtu aliyesoma teolojia kidogo. Evagri naye namtaja kwa jina na kwa heshima, kwa sababu Kasiano amechota kwake sana bila kumtaja hata mara moja. Lakini baadhi ya mafundisho yanayofungamana na jina lake yalilaaniwa mwaka 553, na sitaki mnovisi apambane na hilo kabla hajajua kukaa kimya nusu saa.

Kipindi chenyewe kinaendaje?

Polepole kuliko unavyodhani. Nilipokuwa mnovisi, tuliandikiwa notisi ubaoni: jina la Baba, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, vitabu alivyoandika. Tulikuwa na daftari zilizojaa, na hatukuwa na neno hata moja la kwenda nalo shambani. Sikutaka kurudia hilo.

Siku hizi tunachukua usemi mmoja kwa kipindi, mara nyingi mistari mitano au sita. Mnovisi mmoja anausoma kwa sauti. Tunanyamaza. Mwingine anausoma tena. Ndipo naeleza yanayohitaji kuelezwa: Sketi, jangwa lile la Misri, ni wapi, kwa nini walisuka mikeka, mkate wao ulikuwa wa namna gani. Kisha nauliza swali moja tu: mzee alimwona nini huyu kijana hata akampa neno hili na si jingine? Hilo ndilo swali langu la mwaka mzima. Semi nyingine hupingana waziwazi, huyu anaambiwa asitoke chumbani, yule anaambiwa aende kuwahudumia wagonjwa, na ukizisoma kama sheria utachanganyikiwa. Ukikumbuka kwamba kila moja ilisemwa kwa mtu fulani, aliyekaa pale mbele ya mzee na shida yake, zinakaa sawa.

Chukua Abba Musa. Ndugu mmoja alikosa, wazee wakaitisha baraza, Musa akakataa kwenda. Walipomtumia ujumbe mara ya pili akainuka, akachukua mtungi unaovuja, akaujaza maji, akaja nao. Wakamuuliza, "Baba, ni nini hiki?" Akajibu kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma yake naye hazioni, na leo anakuja kuhukumu kosa la mwenzake. Mwaka mmoja nilichukua ndoo ya plastiki ya bustanini iliyotoboka kitako, nikaijaza, nikatembea nayo kutoka mlangoni hadi ubaoni bila kusema kitu. Mnovisi mmoja akainuka haraka kwenda kuleta dekio. Nikamwomba akae. Ule mstari wa maji ulibaki juu ya sakafu ya saruji hadi ukakauka wenyewe, nasi tumeketi tunautazama. Wiki hiyo kulikuwa na maneno kati ya wawili wao juu ya zamu ya jikoni. Sikuyagusa, na hayakuhitaji kuguswa.

Fimbo kavu iliyomwagiliwa maji: si kuwafundisha vijana utii wa kipofu?

Swali la haki, na ukiifundisha vibaya inaweza kumuumiza mtu.

Hadithi hii tunayo kwa namna mbili, na mimi nasoma zote mbili siku moja. Katika Semi, Yohane Mfupi anaambiwa na mzee wake amwagilie maji mti mkavu uliochomekwa ardhini. Maji yako mbali kiasi kwamba huondoka jioni na kurudi asubuhi. Baada ya miaka mitatu mti unachipua na kuzaa, na mzee anapeleka matunda kanisani akisema, "Twaeni, mle tunda la utii." Kasiano naye anasimulia habari ya Yohane na fimbo kavu, lakini kwake ni mwaka mmoja, maji yako mbali karibu maili mbili, na fimbo haichipui. Mwisho wa mwaka mzee anauliza kama imeshika mizizi, anaing'oa, anaitupa. Imekwisha.

Nawauliza wanovisi wangependa ipi. Wote huchagua ya matunda. Hapo tunazungumza: je, unatii kwa sababu una hakika ya matunda? Na mkuu wa nyumba anayeagiza jambo, je, yuko tayari kuja mwenyewe kuing'oa fimbo na kukubali kwamba kazi ile ilikuwa ya kumjenga mtu, wala haikuwa na maana nyingine? Maana mzee wa Kasiano alikuja kuangalia. Hakumsahau kijana huko jangwani.

Kisha, kipindi kinachofuata, bila kuruka, nawasomea habari ya ndugu aliyemwendea Abba Poemeni akasema anaipoteza nafsi yake kwa kukaa na mzee wake, je, aendelee kukaa? Poemeni alijua kwamba ni kweli, akashangaa kwamba anauliza, akamwambia, "Ukitaka, kaa." Akarudi mara ya pili, jibu likawa lile. Mara ya tatu hakuuliza tena. Alisema, "Sasa siwezi, siendelei kukaa naye." Poemeni akamwambia, "Sasa umeokoka, nenda, usikae naye tena." Mlezi anayefundisha fimbo kavu bila kufundisha hili amewanyima wanovisi nusu ya mapokeo, tena nusu inayowalinda.

Mbona katika vitabu hivi shetani ni mtu mweusi? Nifanyeje na kurasa hizo?

Kwa miaka mitatu ya kwanza niliziruka kurasa hizo, na mnovisi mmoja akazikuta mwenyewe maktabani. Alikuja kwangu na kitabu mkononi, kidole katikati ya ukurasa, hana hasira, ana huzuni tu. "Padre, hapa ni sisi?" Tangu siku hiyo siruki.

Zimo kweli. Katika Maisha ya Antoni, sura ya 6, ibilisi anamtokea kama mtoto mweusi. Katika Kasiano pepo huonekana mara kwa mara kwa sura ya Mhabeshi. Waandishi wa ulimwengu wa Kigiriki na Kilatini walikuwa na desturi ya kuufananisha weusi na dhambi na giza, na Wakristo waliichukua desturi hiyo bila kuipekua. Nasema hivyo darasani kwa maneno hayohayo, kisha nasema walikosea. Mtakatifu anaweza kuwa mtakatifu na akabeba kosa la zama zake. Sitafuti maelezo ya kiroho ya kulipaka kosa hilo rangi.

Halafu nafungua ukurasa wa Abba Musa, aliyekuwa mweusi, mtumwa aliyefukuzwa, mnyang'anyi, kisha mmoja wa mababa wakubwa kabisa wa Sketi. Siku moja barazani wazee walitaka kumjaribu, wakasema mbele yake, "Kwa nini huyu mweusi naye anakuja kati yetu?" Musa akanyamaza. Baadaye wakamuuliza kama hakuumia. Akajibu: nilifadhaika, lakini nikanyamaza.

Naomba mlezi mwenzangu asilipite neno "nilifadhaika". Vitabu vingi vya ibada huharakia kunyamaza kwake na kusifu unyenyekevu. Musa mwenyewe alisema kwanza kwamba liliuma. Kuna usemi mwingine mgumu zaidi: walipomfukuza kwa matusi siku alipovishwa nguo ya daraja takatifu, alijisemea kwamba wamemtendea haki, ngozi yake ni ya majivu, yeye si mtu, kwa nini aende kati ya watu. Huo nao nausoma, na nawaambia wanovisi wazi kwamba hakuna hata mmoja wao atakayetakiwa hapa kusema kwamba yeye si mtu. Unyenyekevu wa sura ya 7 ya Kanuni ni ukweli juu ya nafsi mbele ya Mungu. Tusi la rangi ni uongo, na uongo haumnyenyekezi mtu.

Kipindi hicho huwa kirefu kuliko vyote. Nakipangia asubuhi mbili.

"Acedia" tuiiteje kwa Kiswahili?

Acedia ni kimoja cha vile vilema vinane. Wengi husema "uvivu", nami naomba tuache. Mnovisi akisikia uvivu anafikiri ni yule anayelala wenzake wakilima, na kwa kuwa yeye analima, anajihesabu mzima. Kumbe acedia humpata hata mchapakazi, tena humfanya achape kazi zaidi ili asikae peke yake na Mungu.

Kasiano ameipiga picha katika kitabu cha 10 cha Taratibu. Ni saa tano, saa sita ya mchana. Mmonaki anaona njaa kana kwamba ametoka safari ndefu. Anatoka chumbani, anarudi, anatoka tena. Analitazama jua mara kwa mara, anaona linakawia kushuka. Analalamika kwamba hakuna ndugu anayekuja kumtembelea. Anakumbuka monasteri nyingine za mbali ambako watu ni wema na kazi ni ya maana. Anakumbuka jamaa wanaohitaji kutunzwa, na mama fulani mcha Mungu ambaye hana wa kumsaidia. Ingekuwa tendo jema kwenda kumwona. Nikiisoma polepole, wanovisi huanza kutazamana na kucheka. Kila mmoja amejiona. Mmoja alisema, "Padre, ni mimi shambani juzi, ila mimi nilikuwa nawaza kwenda kusomea uuguzi ili nisaidie watu." Ninyi walezi mnajua kwamba siku hizi hatoki chumbani, anaitoa simu.

Kwa hiyo tuiite nini? Nimejaribu "uchovu wa roho", lakini uchovu huisha ukilala. Nimejaribu "huzuni", ila huzuni ni kilema kingine katika orodha hiyohiyo. Siku hizi natumia "kukinai". Mtu amekinai chakula ambacho jana alikipenda. Kiko palepale, ni kilekile, na hawezi kukitia mdomoni. Hivyo ndivyo zaburi zinavyokuwa mwezi wa saba wa novisiati. Najua pwani watu husema pia kukinai kwa maana ya kuridhika, kwa hiyo naeleza kwanza nina maana gani. Lakini hakuna neno lililonifikisha karibu zaidi, na vijana hulishika mara moja: "Leo nimekinai, Padre." Mtu akishaweza kusema hivyo, nusu ya kazi imefanyika.

Wamonaki wa kale waliiita pepo wa adhuhuri, kutokana na Zaburi ya 91, ambayo Benedikto ametupa tuisali kila usiku kabla ya kulala. Dawa ya Kasiano ni kukaa pamoja na kazi ya mikono. Anamtaja Abba Paulo, aliyeishi mwendo wa siku saba na zaidi kutoka mji wowote. Mikeka yake isingeuzika, nauli ingezidi bei. Hata hivyo kila siku alijipimia kazi ya majani ya mitende kama mtu anayetegemea kuuza, na pango likijaa mwisho wa mwaka, alichoma yote na kuanza upya. Habari hii nawasomea baada ya kazi, vumbi la shamba likiwa bado miguuni, kamwe si asubuhi.

Mababa walifungua mawazo yao yote kwa mzee. Niwatake wanovisi wangu wafanye hivyo?

Uwafundishe, usiwatake. Tofauti hiyo ina uzito.

Benedikto anaandika katika sura ya 4 kwamba mawazo mabaya yapondwe mara moja kwenye mwamba Kristo na kuambiwa mzee wa kiroho. Ni desturi ya jangwani, na imeokoa watu wengi. Wazo lililotajwa kwa sauti hupungua nguvu. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 630, inawakataza wakuu kumshawishi mtawa kwa njia yoyote awafunulie dhamiri yake, na kanuni ya 985 inasema mlezi wa wanovisi asiwaungamishe wanafunzi wake wakaao naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe wakiomba kwa hiari katika nafasi fulani. Kanisa limejifunza kwa machozi ya watu. Mimi ndiye ninayetoa maoni kama kijana huyu apewe nadhiri au aende nyumbani. Nikimwambia "nifungulie moyo wako wote", ana uhuru gani wa kukataa?

Kasiano mwenyewe alilijua hilo. Katika Mazungumzo ya 2 kuna kijana aliyemfungulia mzee vita vyake vya mwili. Mzee akamkaripia, akamwambia hastahili hata jina la umonaki. Kijana akakata tamaa, akashika njia ya kurudi ulimwenguni akaoe. Abba Apolo akakutana naye njiani, akaona uso wake, akamsihi akae siku moja tu. Kisha akaenda kwa yule mzee, akaomba nje ya kijumba chake vita vile vimpate yeye, na mzee hakuvimudu hata saa chache. Kasiano anaongeza kwamba tusifuate nyayo za kila mwenye mvi. Habari hii nairudia mwenyewe kila mwaka kabla sijaanza kuonana na wanovisi mmoja mmoja, kwa sababu ninazeeka, na mvi ninazo.

Katika nyumba yetu kila mnovisi huchagua mwenyewe mzee wa kumwendea, na mzee huyo haniletei taarifa. Mimi mlango wangu uko wazi, anayetaka anakuja. Wengi huja baada ya kusikia habari ya Apolo.

Wanovisi wanataka kufunga na kukesha kama wale wa jangwani. Niwaruhusu?

Usiwacheke na usiwaruhusu. Wasomee Mazungumzo ya 2 tena, habari ya Heroni, aliyekaa jangwani miaka 50 na kufunga hata Pasaka, asije mezani na ndugu zake asionekane amelegeza. Mwisho alijitupa kisimani akiamini malaika watampokea. Kisha wasomee Antoni na yule mwindaji aliyekwazika kuwaona ndugu wakiburudika. Antoni akamwambia avute upinde, auvute tena, auvute zaidi, hadi mwindaji akasema utavunjika. Benedikto ameandika juu ya divai kwamba haiwafai wamonaki, ila kwa kuwa wa siku zetu hawashawishiki, basi tukubaliane angalau kunywa kwa kiasi. Huyu ndiye baba yetu. Anayelima tangu asubuhi ale ugali wake ashibe.

Nina mnovisi aliyeishia darasa la saba na mwingine mwenye digrii. Wasome pamoja?

Pamoja, benchi moja. Pakomi aliagiza kila anayeingia ajifunze kusoma, hata kama hataki, na akariri walau Agano Jipya na Zaburi. Kwa hiyo anayesoma kwa kusitasita namsaidia, na ndiye ninayempa kusoma kwa sauti mara nyingi. Usomaji wake wa polepole ndio unaofaa. Kwa mwenye digrii kuna Abba Arseni, aliyekuwa mwalimu wa wana wa Kaisari Theodosi. Alionekana akimuuliza mzee mmoja, mkulima wa Kimisri, juu ya mawazo yake mwenyewe. Wakamshangaa. Akasema, Kilatini na Kigiriki ninakijua, lakini alfabeti ya mkulima huyu bado sijaijua.

Tufundishe kwa lugha gani?

Kiswahili, hata kama kitabu mkononi mwako ni cha Kiingereza, Kijerumani au Kilatini. Tafsiri usemi wenyewe usiku kabla ya kipindi. Ukishindwa kuusema kwa Kiswahili, ujue hujauelewa. Kuna sala moja ya kuwapa mapema, nayo tunayo tayari. Katika Mazungumzo ya 10 Abba Isaka anamfundisha Kasiano arudie mstari mmoja wa Zaburi ya 70 katika kila hali, akila, akilala, akijaribiwa. Ni uleule tunaofungulia kila kipindi cha Sala ya Kanisa: "Ee Mungu, utuelekezee msaada." Mnovisi husema maneno hayo mara kadhaa kwa siku bila kuwaza. Siku anayoambiwa yalitoka wapi, utasikia jioni kwaya imebadilika.

Je, walikuwepo wanawake?

Walikuwepo, na semi zao zimo katika mkusanyiko uleule: Amma (yaani Mama) Sinkletika, Amma Sara, Amma Theodora. Masista wanaoniuliza hili huwa hawajawahi kusomewa hata moja. Wanovisi wanaume nao wanawasoma kwangu kama wanavyomsoma Poemeni, bila kuwatengea siku yao.

Mwisho wa mwaka kuna mtihani?

Hakuna wa kuandika. Historia na miaka nawauliza kwa mdomo wakati wa vipindi, inatosha.

Mwezi wa mwisho kabla ya nadhiri za kwanza, kila mmoja huja kwangu na usemi mmoja alioushika, anausema bila karatasi, na ananieleza ulimkuta wapi. Wa mwaka jana mmoja alikuja na habari ya Pambo, aliyeomba kufundishwa zaburi, akasikia mstari wa kwanza wa Zaburi ya 39, wa kuulinda ulimi, akainuka akasema huo unanitosha, nitarudi nikiujua kwa matendo. Alipoulizwa baada ya muda mrefu, alijibu kwamba kwa miaka 19 amefaulu kwa shida. Kijana yule alikuwa mmoja wa wale wawili wa zamu ya jikoni. Nilimuuliza yeye amefika wapi na mstari huo. Akafikiri kidogo, akasema, "Miezi minne, Padre, tangu nianze. Jana nimeuvunja."

Nikaandika jina lake kwenye orodha ya wanaopendekezwa.